Mtani wa Kwenye Treni

Kintinku,
Tarehe 10 Juni 1973

Mwanangu Damari,

Pokea kwanza salamu, habari zitafuata nyuma. Baba yako anakusalimu, yu mzima, ila siku hizi amezidi kubishana na redio. Bibi yako anakusalimu, macho yake yamefifia lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Kaka yako Gabrieli anakusalimu, na mke wake, na watoto wao kwa mpangilio wa kuzaliwa, na yule wa mwisho ameota jino, amelijaribu kwenye kidole changu. Shangazi yako anakusalimu kutoka nyumba ya tatu ya mstari wetu, maana tangu tuhamie kijijini tunakaa kwa mistari kama wanafunzi. Mbuzi mweupe naye angekusalimu, amezaa mapacha. Sisi wote wazima. Wasiwasi wangu uko huko kwako na hilo tumbo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa elimu ya watu wazima alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache, habari za mimba si za kupitia kwa mwalimu. Ukikuta mahali wino umemwagika ujue ni pale ng'ombe wa Gabrieli walipoingia kwenye mtama wa watu nikainuka kupiga kelele.

Unaniuliza kustaafu kukoje. Mwanangu, hata sijui. Tangu waliponiaga pale hospitali ya misheni mwaka jana, bado naamka kwa kengele ya kule kilimani, na kutoka hapa kengele yenyewe haisikiki. Naamka, nakaa kitandani, najiuliza leo nani anachemsha mashuka. Miaka yote nimefua damu na jasho la watu nisiowajua, nimeshona vifungo vya nguo za wagonjwa mpaka sindano ikawa kidole changu cha sita. Leo nina sufuria moja na mzee mmoja, na mzee mwenyewe hachafuki sana. Watu wanapita wananiuliza, "Mama Gabrieli, umekaa?" Najibu, "Nimekaa." Nadhani uzee ndio huo, kuulizwa kama umekaa. Ile sweta waliyonipa siku ya kuniaga, yenye vifungo vyenye umbo la ua, naivaa hata jua likiwaka. Baba yako ananiita Bibi Ulaya.

Sasa umeniita nije Tabora nikupokee uzazi. Mwanangu, goti langu la kulia linalia. Mbuzi mapacha bado wadogo. Baba yako hajui kusonga ugali wa uwele, akisonga unakuwa kitu ambacho hata mbwa anakitazama kwanza. Tena katika kikundi chetu cha redio cha Mtu ni Afya mimi ndiye ninayesoma kitabu, na shimo la choo chetu ndiyo kwanza limefika kiunoni, nikiondoka hakuna atakayemsukuma baba yako alichimbe. Na liko jambo lingine, lakini hilo si la kuandika.

Usihuzunike. Kunywa uji wa ulezi, usinyanyue ndoo. Niandikie upesi, barua yako isikawie, maana mimi nikikaa bila neno lako najitungia mabaya.

Ni mimi mama yako,
Elizabeti


Tabora,
Tarehe 20 Juni 1973

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo yake, na Bibi, na wote uliowataja, hata mbuzi.

Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikalia. Mama, goti hilo limepanda mlima wa hospitali kila siku ya maisha yangu. Watu wa kikundi cha redio wanaweza kusikiliza wiki chache bila msomaji. Najua unaficha kitu. Nakuuliza kama mwanao: ni kwa sababu ya Zefania? Ni kwa sababu nimeolewa na Mnyamwezi na si mtu wa nyumbani? Siku ya harusi ulijifunika khanga uso mzima, ukashindwa hata kuona njia, ukamshika mkono mzee wa kanisa ukidhani ni Baba. Zefania naye alitazama viatu vyake siku nzima. Mimi nilikuwa katikati yenu kama ukuta.

Kama ni yeye unayemkimbia, hatakuwepo. Idara ya kilimo imewaita mabwana shamba wote semina Dodoma, mwezi mzima wa Julai. Nitakuwa peke yangu katika vyumba viwili, na tumbo linashuka. Mama, naogopa. Hilo ndilo nililokuwa sitaki kuandika mimi.

Mwanao,
Damari


Kintinku,
Tarehe 1 Julai 1973

Damari wangu,

Salamu fupi leo, wote wazima, wote wanakusalimu.

Ungesema tangu mwanzo kwamba mwenye nyumba hatakuwepo, ningekuwa nimeshafika. Sikiliza nikuambie lile lisiloandikwa. Mimi sina ubaya na Mnyamwezi. Mnyamwezi ni mtani wetu sisi Wagogo, nimeanza kuwatania kabla sijaota meno, kwa mtani hakuna haya, unamnyang'anya chakula na yeye anacheka. Lakini mkwe ni mkwe hata akitoka mbinguni. Mama mkwe halali chini ya dari moja na mume wa mwanawe. Hali chakula mbele yake. Hamtazami usoni wala hatamki jina lake. Bibi yako aliishi hivyo, nami naishi hivyo. Wewe umesoma darasa la saba umeyaona hayo madogo. Mimi nilikaa hapa nawaza vyumba vyako viwili, nikajiona nimejibanza jikoni nimefunika kichwa, na wewe una uchungu unaniita.

Kwa kuwa hayupo, nakuja. Nitapanda treni ya Jumanne tarehe kumi. Usije stesheni na tumbo hilo, nitauliza njia. Kama kuna neno la kunizuia, liandike haraka barua iniwahi kabla ya siku hiyo. Kama hakuna, nyamaza, ukimya wako utakuwa jibu.

Mama yako,
Elizabeti


Tabora,
Tarehe 29 Julai 1973

Baba Gabrieli,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama mkwe wangu, mwambie nimemwekea asali. Msalimu Gabrieli na mke wake na watoto wote, yule wa jino mpapase kichwa. Msalimu shangazi yao. Waambie kikundi cha redio nisiwakute wamerudi nyuma. Na shimo la choo je, limefika wapi? Unijibu ukweli.

Mjukuu amekuja. Ni msichana, ana paji la uso lako na ukali wako. Wamemwita Rakeli. Damari alipata uchungu siku ya pili baada ya mimi kufika, akajifungua salama hospitali, na mimi niliyemkanda nimemaliza maji ya moto ya mtaa mzima. Basi hiyo ndiyo habari kubwa, sasa nikueleze safari.

Unajua mwenyewe kwamba Jumanne ile ya kwanza tulifika mpaka stesheni, treni ikaja, nikaiogopa, tukarudi nyumbani. Ya pili ulikataa kunisindikiza, ukasema umeshanisindikiza mara moja, mara hii nijisindikize mwenyewe. Nilijisindikiza. Daraja la tatu limejaa watu na kuku, nikasimama mlangoni na kikapu changu cha mayai ya kuchemsha na mzigo wa unga. Kijana mmoja mwenye koti akaniambia, "Mbukwa, bibi," lakini hiyo salamu yetu ilipita kwenye ulimi wa Tabora, nikamtambua papo hapo.

Nikamwambia, "Mnyamwezi, wewe umeketi na mzigo uko chini? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kikapu cha mayai kinakushinda?"

Watu wakacheka behewa zima. Akainuka, akanipa nafasi yake, akapandisha mzigo juu. Halafu akasema, "Mgogo, babu zangu walipopita kwenu mliwatoza ushuru hata wa maji ya kunywa. Leo nimekuja kuudai." Akafungua kikapu changu bila hodi, akachukua mayai mawili, moja akalimenya akala, jingine akalimenya akanipa mimi mwenyewe mwenye mali.

Baba Gabrieli, nilicheka mpaka goti likapona. Kutoka hapo hatukunyamaza. Nikamwita mla matobolwa, vile viazi vyao vikavu, akaniita mchunga vumbi. Tulipofika Saranda akanunua kuku wa kuchoma dirishani, tukala kwenye jani moja, akanipa firigisi. Najua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nimeila. Unisamehe.

Koti lake halikuwa na kifungo cha katikati. Unanijua, siwezi kuona vile nikakaa. Sindano ilikuwa kwenye pindo la khanga, kifungo sikuwa nacho, nikakata kimoja kwenye sweta yangu ya kustaafu, kile chenye umbo la ua, nikamshonea akiwa amelivaa. Nikamuuliza mke wake yuko wapi asilione hilo koti. Akasema mke ni mzito, anakaribia, ndiyo maana anarudi mbio. Akaniambia jambo linalomsumbua ni kwamba mama mkwe wake alitangulia tangu wiki iliyopita, yuko nyumbani kwake sasa hivi, na hajui yeye aingie kwa mlango gani. Nikamshauri kama mwanangu. Nikamwambia, "Usiingie. Tafuta rafiki mwenye kitanda. Mkwe hatazamwi, mkwe anasikika tu." Akanishukuru sana.

Sasa ona maajabu. Tulipoiacha Itigi nikamweleza na mimi safari yangu, kwamba naenda kwa binti yangu, mumewe ni bwana shamba wa Tabora lakini yuko semina, namshukuru Mungu. Yule kijana akaacha kula, paja la kuku likabaki mkononi. Akasema anasikia joto, akaenda kusimama mlangoni, uso nje kwenye upepo, mpaka Tabora. Nadhani mayai yalimkataa. Tulipofika akateremsha mizigo yangu, akamwita mtu wa mkokoteni akamwelekeza, na nilipogeuka nimshukuru hakuwepo. Shukrani ilibaki mdomoni.

Mkwe wetu naye alirudi siku mbili tu baada ya mtoto, semina imefungwa mapema. Anajua adabu huyo, hata nimeshangaa. Analala kwa rafiki yake mwalimu. Sijasikia sauti yake, nasikia kikohozi tu upande wa pili wa ukuta, kikohozi cha heshima. Shikamoo yake inaletwa na Damari. Kila asubuhi nakuta kuni zimepangwa mlangoni na maziwa yamefunikwa. Lakini nina sikitiko moja. Yule mtani wa treni nimemzoea kwa siku moja kama mtoto wa tumbo langu, na huyu ambaye ndiye baba wa Rakeli nitakufa simjui. Nilipomwambia Damari hivyo, nikaongeza kwamba ningekuwa na binti mwingine ningempa yule mtani, akaficha uso kwenye shuka la mtoto mabega yakitikisika. Uzazi unachosha.

Nitarudi mwisho wa mwezi ujao. Nijibu upesi, hasa habari za shimo.

Mama Gabrieli


Tabora,
Tarehe 30 Julai 1973

Baba yangu Mzee Mazengo,

Shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa kwa rafiki yangu mwalimu. Baba, nimekosa. Nimekula na Mama.

Najua ameshakuandikia habari za mtani wa kwenye treni, maana Damari ndiye aliyepeleka barua posta. Mtani huyo ni mimi. Semina ilifungwa katikati ya mwezi, mkufunzi wetu aliitwa Dar es Salaam, nikapanda treni Dodoma. Niliamini Mama alishafika Tabora wiki moja nyuma. Alipopanda pale Kintinku niliona mama wa Kigogo tu. Nami siku ya harusi sikumwona uso, alikuwa amejifunika na mimi nimeinama, wote wawili tuliishika adabu kiasi kwamba hakuna aliyebaki na sura ya mwenzake.

Baba, nimemwita mchunga vumbi. Nimechukua mayai yake bila hodi. Tumekula kwenye jani moja. Amenishonea kifungo nikiwa nimevaa koti, kichwa chake kiko hapa kifuani pangu, nami nilikuwa namwambia aharakishe kama mwenzangu. Alipotaja binti yake na bwana shamba, nilitamani treni inimwage porini. Tangu siku hiyo nakohoa tu. Nikitamka hata neno moja ataijua sauti.

Damari anasema tunyamaze milele, kwa sababu Mama akijua, aibu itampandisha treni siku hiyohiyo na hatakanyaga tena nyumbani kwetu, na Rakeli hatakuwa na bibi. Mimi nami naogopa hivyo. Lakini kunyamaza kunanikaba. Juzi nilikuwa nyuma ya ukuta nachanja kuni, nikamsikia akisema angekuwa na binti mwingine angempa yule mtani. Nilijichanja kidole.

Mila ya kwenu inataka nini kwa kosa kama hili? Lolote nitalitimiza.

Mtoto wako,
Zefania


Kintinku,
Tarehe 9 Agosti 1973

Zefania,

Marahaba.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia chini. Mama yangu aliniuliza nalilia nini.

Nimewauliza wazee wawili, sikutaja jina, nimesema ni habari za mtu wa Manyoni. Wa kwanza alisema mtani hana kosa hata akikuvua kofia. Wa pili alisema mkwe ana kosa hata akikutazama kivuli. Wakabishana mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe. Basi hukumu naitoa mimi. Kwenye treni ulikuwa mtani. Uliposhuka Tabora ukawa mkwe. Kwetu, mkwe akichoka kujificha analeta mbuzi wa kufungua kinywa, mama mkwe anapika, wanakula pamoja na mambo yanakwisha. Wewe kinywa umekifungua, mbuzi amebaki nyuma. Mbuzi anadaiwa.

Namna ya kumwambia, usimwambie kwa maneno. Yule mwanamke nimeishi naye, maneno humkimbiza. Treni yenyewe aliikimbia. Lakini kitu alichokishona kwa mkono wake hawezi kukikana. Akisharudi huku, pigeni picha ya mtoto kwa wapiga picha wa mjini. Mpakate wewe. Vaa koti.

Firigisi ilikuwa yangu. Hilo nalo nalikumbuka.

Baba yako,
Mazengo


Tabora,
Tarehe 16 Septemba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo, na wote nyumbani, na pole ya safari ya kurudi.

Rakeli anashika vitu sasa. Ameshika ndevu za mchungaji kanisani, hakuziachia mpaka sala ikaisha. Chumba ulichokuwa unalala bado kinanukia sabuni yako. Nikiingia nasahau, nakuita.

Ndani ya barua kuna picha. Tulikwenda studio ya mjini, mpiga picha akapiga kofi Rakeli atazame, akatazama. Baba yake ndiye aliyempakata. Najua hutatazama uso wake, Mama, sikulazimishi. Mtazame mtoto. Mtazame vizuri mahali alipoegemeza kichwa.

Na ukishatazama, tafadhali usikasirike. Ukikasirika, niandikie mimi, usinyamaze.

Mwanao,
Damari


Kintinku,
Tarehe 30 Septemba 1973

Zefania,

Ndiyo, nimeliandika jina lako. Nimeanza kuliandika kwa kijiti mchangani nikalifuta kwa mguu, nikaliandika tena, halikunifanya kitu, ndipo nikachukua kalamu.

Pokea salamu zako. Mzee Mazengo anakusalimu, na bado ananitazama anacheka, nimemnyima chai leo. Bibi mkubwa anakusalimu, anasema alijua siku nyingi, eti alimsikia mzee akisoma barua yako peke yake kwa sauti. Gabrieli anakusalimu, na mke wake, na watoto. Shangazi anakusalimu, yeye alijua kupitia kwa bibi. Mstari mzima wa nyumba unakusalimu. Nyumba zote zilijua isipokuwa yangu.

Picha ilipofika niliishika kama inavyotakiwa. Nikaweka kidole gumba juu ya uso wako, nikamtazama mjukuu wangu, mashavu, vidole, kofia niliyomfumia. Nikatazama alipoegemeza kichwa kama Damari alivyosema. Ameegemea koti. Chini ya kichwa chake kuna kifungo cha duara, na chini tena cha duara, na katikati kuna kifungo chenye umbo la ua, kikubwa kuliko tundu lake.

Nikaenda kuichukua sweta nikahesabu. Halafu nikatafuta pa kujificha. Mwanangu, vijiji vya mistari havina maficho, kila upande kuna mtu anakuuliza umekaa. Nikaenda nikaingia kwenye shimo la choo. Sasa linapita kichwa, nilipokuwa kwenu mzee alilichimba kwa furaha ya siri zake, na ngazi ilikuwa imeegemezwa. Nikakaa chini kule, nikafunika kichwa kwa khanga. Nikayakumbuka yote. Mla matobolwa. Jani moja. Uzi nilioukata kwa meno kifuani pako.

Mzee akaja akasimama juu ukingoni. Akaniambia, "Elizabeti, umeona?"

Nikasema, "Nimeona."

"Basi toka."

"Sitoki. Nifukie humuhumu."

Hakunifukia. Alikaa ukingoni akanisomea barua yako yote, polepole, kama tunavyosomeana kwenye kikundi. Alipofika pale uliposema ulitamani treni ikumwage porini, niliona nashindwa kupumua. Nilidhani nalia. Kumbe nacheka. Kicheko cha shimoni si kama cha juu, kinazunguka kinakurudia, nilikuwa nacheka na mwangwi wangu mpaka majirani wakaja wakidhani nimevunjika mguu.

Nilipotoka nilikaa nikawaza. Nimefua mashuka ya watu miaka yote ile, nimewaona watu wazima wamelala hawawezi hata kujifunika, sikuona haya, kwa sababu walihitaji mkono na mimi nilikuwa nao. Wewe ulihitaji kifungo. Nilikuwa nacho. Sasa niliposhona nilikosa nini? Tena nikawaza, nilipokuwa jikoni kwako nasikia kikohozi, nilikuwa na huzuni kwamba nitakufa simjui baba wa mjukuu wangu. Mtu wa umri wangu akikuta kile alichokililia kiko mfukoni mwake tangu zamani, atafanya nini? Si anacheka tu.

Ila usidhani nimeitupa mila. Sijaitupa. Mama yangu aliishi nayo na ilimpa heshima, na mimi kile kikohozi chako na zile kuni za asubuhi vilinipa heshima, nimevisimulia kisimani mpaka wenzangu wakachoka. Mzee ametoa hukumu na mimi nimeikubali: mbuzi anadaiwa. Kwa hiyo sikiliza. Mje wote watatu, kabla mvua haijaanza na reli haijaharibika huko mabondeni. Ukifika shuka na mbuzi, mweupe au mweusi, dume au jike, mimi sichagui, ila asiwe amekonda ukanitia aibu mbele ya shangazi. Utasimama uani. Mimi nitatoka na khanga kichwani kama kawaida. Mbuzi akishafungwa kwenye mti, tutakula, na ukinyoosha mkono kwenye sahani yangu bila hodi nitakupiga mwiko.

Picha yenu nimeitundika ukutani. Juu ya uso wako nimebandika kipande cha karatasi kwa uji wa unga, kwa heshima, na kila anayeingia anauliza huyu asiye na kichwa ni nani, nasema ni mtani wangu wa kwenye treni. Sitakibandua mimi. Njoo ukibandue mwenyewe.

Na ile sweta, tundu la kifungo limebaki wazi. Mzee alitaka kunitafutia kingine kwa Jivraj dukani Singida, nikamkataza. Upepo unaingia hapo kidogo, na mimi naupenda.

Mwambie Damari sijakasirika, aache kulia maziwa yasikauke. Mbusu Rakeli mahali palepale alipoegemeza kichwa. Halafu keti ujibu barua hii leoleo, usingoje kesho, nijue ni treni ya siku gani nichemshe mayai. Firigisi ya safari hii ni ya mzee, amesema ya pili hatasamehe.

Mimi mkweo mpaka mbuzi afike, na akishafika, mtani wako,
Elizabeti